TUTEMBEE NA FAMILIA: Ziwa Mburo na kaka yake wa mlimani

Kwanza tunawaomba radhi. Kila mwezi ukurasa huu unawaambia juu ya sabuni, chanjo na moshi wa jikoni, mpaka mama mmoja wa Rubondo akatuambia: "Nyinyi kazi yenu ni kutufundisha tu, hata siku moja hamutupeleki matembezi." Ni kweli. Basi mwezi huu tunatembea.

Tulikuwa familia tano, kutoka Juru, Rubondo na Base Camp. Tulichanga pole pole tangu mavuno ya maharage, tukakodi teksi moja, tukapita Mbarara, tukashika barabara ya Masaka mpaka Sanga, na pale tukakata kuingia Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo. Si mbuga kubwa sana, ni kama kilomita za mraba 370. Watoto walihesabu punda milia mpaka wakachoka. Walipoambiwa kwamba mwaka 2015 twiga 15 waliletwa hapa kutoka mbuga ya Murchison Falls, kijana mmoja akasema, "Kumbe na wao walihamishwa!" Tulicheka sote, hata dereva.

Lakini hatutaki kuwaeleza mbuga nzima. Tunataka kuwaeleza mahali pamoja tu panapoitwa Rwonyo, kwenye ufuko wa ziwa, pale boti zinapofungwa. Ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo roho zetu zilipobaki.

Mwanzoni hatukuona kitu. Maji, mafunjo, vilima ng'ambo, basi. Watoto wakaanza kusumbua, "Twende, twende." Mama mmoja wa kutoka Fizi akawaambia, "Kaeni chini. Ziwa ni kama mgeni. Halisemi mara moja." Yeye alizaliwa kando ya Tanganyika, maji anayajua.

Tukakaa. Kidogo kidogo ziwa likaanza kusema. Ndege mdogo mweusi na mweupe, mdiria, alisimama hewani akipiga mabawa bila kusonga, halafu akajitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Furukombe wawili walikuwa juu ya mti mkavu. Mmoja alirudisha kichwa nyuma akalia, na mwenzake akajibu. Mawe tuliyoyaona mbele ya mafunjo kumbe hayakuwa mawe. Yalipumua! Ni viboko. Mchana hujificha majini kwa sababu jua linaunguza ngozi yao. Usiku hutoka kula majani.

Askari wa mbuga, kijana mpole sana, akaja kukaa na sisi. Alituonyesha kwamba mafunjo si takataka ya ziwa. Yanashika udongo unaoletwa na mvua, na samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi yake. Halafu akatueleza juu ya ngege. Ngege jike huyabeba mayai yake ndani ya kinywa mpaka yaangue. Hata watoto wakishaanza kuogelea, wakiona hatari hurudi mbio kinywani mwa mama. Akina mama walitazamana. Hakuna aliyesema neno, lakini tulijua kila mmoja anakumbuka njia gani.

Mtoto mmoja akauliza, "Maji haya yanafika kwetu Kongo?" Jibu ni hapana. Mto Rwizi unapita Mbarara, unaingia katika mabwawa na maziwa haya, na mwisho maji yanakwenda Ziwa Victoria, halafu Nile. Ya Tanganyika ndiyo yanatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie na kuingia Kongo. Mtoto akanuna kidogo. Hatukumdanganya.

Ndipo yule askari akatusimulia hadithi ya wenyeji juu ya jina la ziwa. Zamani, palipo maji leo palikuwa bonde, na ndugu wawili walikaa humo, Kigarama na Mburo. Usiku mmoja Kigarama akaota kwamba hatari inakuja. Asubuhi akamwambia ndugu yake, "Tuhame, twende mlimani." Mburo akakataa. Kigarama akachukua watu wake akapanda. Maji yakaja, bonde likajaa, Mburo akazama. Ziwa likaitwa Mburo, na vilima vikaitwa Kigarama. Mpaka leo kaka mmoja yuko juu, anamtazama mwenzake chini.

Tulinyamaza. Baba mmoja wa kutoka Masisi, mtu asiye na maneno mengi, akasema pole pole, "Mimi ni Kigarama. Nilimwambia mdogo wangu twende. Akasema atabaki na ng'ombe." Binti yake wa miaka kumi akamgeukia: "Baba, kumbe una ndugu?"

Wapendwa, miaka yote hiyo mtoto hakujua. Si kwamba baba alitaka kumficha. Ndani ya nyumba, kati ya foleni ya maji na foleni ya posho, neno hilo halikupata mahali pa kutokea. Ilibidi wakae mbele ya maji. Njia yote ya kurudi tuliwasikia kiti cha nyuma: jina la baba mdogo, michezo yao ya utotoni, ng'ombe aliyempenda. Baba alilia kidogo, akacheka pia.

Hata wenyeji wa mbuga hii wana hadithi yao ya kuhamishwa. Mwaka 1983, serikali ilipotangaza mbuga ya taifa, wafugaji waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa. Utawala ulipobadilika miaka michache baadaye, walirudi na hasira, wakavunja majengo na kuua wanyama wengi. Mwaka 1987 mbuga ikapunguzwa, zaidi ya nusu ya ardhi ikarudishwa kwa watu. Tunayasema haya ili tusifikiri kwamba sisi peke yetu tumeonja mambo hayo. Na tuone pia kwamba mahali palipochukuliwa kwa nguvu ni vigumu kupendwa. Panapendwa panapojulikana.

Sasa mtasema, "Sisi hatuna nauli ya kwenda Mburo." Tunajua. Lakini Ziwa letu la Nakivale ni la ukoo huo huo. Maziwa haya mawili na mabwawa yake yaliandikwa pamoja mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa. Mafunjo ni yale yale, mdiria ni yule yule. Wengi wetu tunaliona kila siku na hatulijui. Tunasema, "Hapa si kwetu." Lakini watoto waliozaliwa hapa wanalo ziwa gani lingine?

Basi tunawaomba mjaribu hivi:

Chagueni mahali pamoja kando ya ziwa, mrudi hapo hapo mara kwa mara. Mahali hapajulikani kwa siku moja.

Nendeni mchana, wakubwa na watoto pamoja. Jua likianza kushuka, rudini nyumbani, maana kiboko hasomi mpaka wa mbuga. Msisimame kamwe kati yake na maji, na mtoto asiende ufukweni peke yake.

Kaeni kimya muda wa kuchemsha chungu cha maharage. Kila mtu aseme alichoona. Kwa kawaida watoto wanatushinda.

Waulizeni wenyeji majina ya ndege na miti. Nyinyi mwaambieni majina ya kwenu.

Msikate mafunjo kwa mchezo. Ni nyumba ya ngege, na ngege ni mboga yetu.

Na mkiwa mmekaa hapo, mtajieni mtoto mtu mmoja aliyebaki nyuma. Jina lake tu na kitu alichopenda. Siku hiyo inatosha.

Mama wa Fizi alipoulizwa kama Mburo ni nzuri kuliko Tanganyika, alicheka. "Hapana bwana! Hapa hata mukeke hakuna. Lakini sasa nalijua, na lenyewe linanijua."

Tuandikieni mahali penu mlipopachagua, tutapachapa hapa. Mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda. Kaeni salama.