Mkanda Uliookotwa na Neno la Frateri

Likizo iliyopita nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua, na limenifanya nizitazame upya filamu ambazo baadhi yetu hapa seminarini huzitazama kwa kificho. Katika kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ilitumwa video fupi. Ni usiku, kamera inatikisika, mtu anahema, juu ya miti kuna taa tatu zinashuka bila sauti. Kisha kelele, kisha giza. Mama mmoja akaandika: "Frateri, unasemaje?"

Nikasema. Niliandika aya tatu nzima. Nikagusia malaika, nikagusia uwezekano wa viumbe wengine katika uumbaji wa Mungu, nikamaliza kwa kuwaomba wanajumuiya wasali Rozari. Kesho yake kijana wa kidato cha nne aliniandikia pembeni, si kundini, kwa adabu kabisa: "Shikamoo Frateri. Ile ni filamu. Angalia taa zikipita, miti haitoi kivuli."

Kuhusu malaika sikusema uongo. Ila sikuuliza kwanza kama jambo lenyewe lilitokea.

Filamu za namna hii zina mtindo wake. Mtengenezaji anajificha, anatuambia kwamba mkanda umeokotwa mahali na aliyeupiga hajulikani alipo. Hakuna muziki, picha ni mbovu, watu wanakatizana maneno kama sisi tunavyokatizana mezani. Ni mtindo wa wasio na fedha. Kamera moja inatosha, taa za studio hazihitajiki, na kiumbe wa kutisha anaweza kukaa gizani muda wote, maana giza ni bure. Ndiyo sababu vijana wameushika. Hata kabla ya video, mwaka 1938, Orson Welles alipotangaza redioni Marekani uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi kwa sauti ya taarifa ya habari, alikuwa na miaka 23.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Dean Alioto. Mwaka 1989 alitengeneza filamu iitwayo UFO Abduction kwa dola 6,500. Familia moja imekusanyika kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, umeme unakatika, ndugu wanatoka nje na kamera, wanakuta chombo cha angani na viumbe wake. Basi. Ghala la msambazaji likaungua, na nakala nyingi zikateketea humo. Chache zilizosalia zilianza kupita mkono kwa mkono miongoni mwa watu wanaofuatilia habari za vyombo vya angani, nao wakazipokea kama ushahidi wa tukio la kweli. Alioto mwenyewe alipojitokeza kusema kwamba ile ni kazi yake na wale ni waigizaji, wapo waliokataa kumwamini. Hebu fikiri: mtunzi anaungama kwamba ni hadithi, na wasikilizaji wanamwambia anadanganya!

Kwa nini walimkatalia? Nadhani ni kwa sababu ile ile iliyoniponza mimi. Tumezoea kwamba uongo una fedha na ukweli ni maskini. Picha safi tunaishuku, tunasema imetengenezwa. Picha mbovu tunaipa cheti. Kisha tunaongeza "lisemwalo lipo", na kesi imekwisha.

Sasa mwenzangu mmoja wa darasani anasema dawa ni kuacha kabisa kutazama filamu hizi, kwa kuwa zinapanda hofu isiyo na Mungu ndani yake. Ninamheshimu, na sina ugomvi naye kuhusu watoto wadogo: wasioneshwe. Ila kwa vijana naona ni kinyume. Yule wa kidato cha nne alijua habari ya vivuli kwa kuwa anazitazama, na zaidi ya hapo, anajaribu kuzitengeneza kwa simu. Mimi niliyesoma nadharia ya maarifa mihula miwili sikuona kitu.

Ameanza, anavyoniambia, kwa kumwiga Kane Parsons. Huyu ni Mmarekani ambaye Januari 2022, akiwa na miaka 16, aliweka YouTube filamu fupi ya The Backrooms. Kijana anapiga filamu na wenzake, anaanguka, anajikuta katika vyumba vya manjano visivyo na mwisho wala mtu. Vyumba hivyo Parsons alivijenga kwenye kompyuta, kwa programu ya Blender ambayo mtu yeyote anaipata bila malipo. Nilipoitazama nilimkumbuka Aristotle kuliko nilivyotarajia. Kinachotisha pale, kabla hata ya kiumbe kutokea, ni milango isiyoelekea popote na taa zinazomwakia nani. Kila kitu kimetengenezwa na hakuna kilichotengenezwa kwa ajili ya jambo lolote. Mwenzangu anasema hapo Mungu hayupo. Ni kweli, na mtazamaji anaisikia nafasi hiyo ikiwa wazi. Sioni hasara yake.

Mpaka ninaouweka mimi uko kwingine. Mwaka 1999 filamu ya The Blair Witch Project ilitangazwa kana kwamba vijana watatu waliomo wamepotea kweli, na mama wa mmoja wao akawa anapokea kadi za pole ilhali binti yake yu hai. Hapo mchezo ulitoka nje ya filamu ukaingia nyumbani kwa mama wa watu. Kutisha ni halali. Kumlilisha mtu msiba wa uongo si halali, hata kama tiketi zinauzika.

Mtakatifu Augustino alikiri kwamba hata wazazi wake asingewajua bila kuamini maneno ya wengine. Hatuwezi kuishi bila mashahidi. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaiweka hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu chini ya hoja zote. Nilikuwa nimezisoma habari hizi mbili kwa ajili ya mtihani. Mama yule hakuniuliza kwa sababu nina hoja, aliniuliza kwa sababu naitwa Frateri.

Niliandika tena kundini kwamba nilikosea, na kwamba aliyegundua ni mdogo wetu. Mama alijibu kwa vidole viwili vya gumba na neno "Asante". Wengine walikuwa wameshaituma video kwa ndugu zao, pamoja na aya zangu tatu. Sijui zimefika wapi.

Paroko ameturuhusu kuitazama ya Parsons na VIWAWA likizo ijayo, ukumbini, mradi tumalize kabla jua halijazama. Kijana ndiye atakayeongoza. Nimemwomba aanze na vivuli.