Sayansi Haifundishwi kwa Kutazama

Kwa miaka mingi somo la vitu vinavyoanguka limefundishwa kwa chaki na ubao. Mwanafunzi huikariri kanuni, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Ndege ndogo zisizo na rubani sasa zimeleta nafasi ya kuligeuza somo hilo kuwa kazi ya mikono. Ndege hupaa juu ya kiwanja cha shule ikiwa na yai ndani ya kasha, huliachilia, na wanafunzi hupima muda na kuona kama yai limesalimika.

Hata hivyo, kifaa cha kuachilia mzigo huuzwa kikiwa tayari. Shule inayokinunua huwa imenunua pia jibu la swali ambalo wanafunzi walipaswa kulitafuta wenyewe. Mwalimu hubaki kubonyeza kitufe, na darasa hubaki kupiga makofi.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Spoku ya baiskeli hupitishwa katika matundu mawili ya kipande cha mbao nyepesi. Kitanzi cha uzi unaoshika mzigo huvishwa katikati yake. Mota ndogo yenye uzito wa gramu 9 huivuta spoku, na kitanzi huchopoka. Lakini mzigo ukizidi, msuguano huikamata spoku na mota hushindwa. Mzigo ukielemea upande mmoja, ndege huyumba. Mwanafunzi aliyelisahihisha kosa hilo kwa mikono yake hahitaji kukaririshwa maana ya msuguano.

Hesabu nazo hupata uhai. Kitu kikiachiliwa kutoka mita 20, bila kuzuiwa na hewa, hufika chini kwa sekunde 2 hivi, kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Ndege ikiwa inakwenda mita 5 kwa sekunde, mzigo huanguka mita 10 hivi mbele ya pale ulipoachiliwa. Hilo si jambo la mchezo. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege za aina hii hudondosha damu kwa miavuli katika hospitali, na maisha ya mgonjwa hutegemea hesabu hiyo hiyo.

Wapo watakaosema shule hazina fedha. Ndege moja yaweza kutumiwa na shule nyingi kwa zamu. Pasipo ndege, kifaa hicho hufungwa kwenye tawi la mwembe na spoku ikavutwa kwa kamba. Penye ndege, kibali cha mamlaka zinazohusika kipatikane kwanza, na mtu yeyote asisimame chini ya mzigo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitengeneza aiskrimu na kuona mchanganyiko wake, uliowekwa ungali moto, umeganda kabla ya ule wa mwenzake. Alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi huo, na wanasayansi wanaujadili hadi leo. Swali lile lilizaliwa kwa sababu kijana alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake.

Ni wajibu wa walimu, wazazi na kamati za shule kuwapa vijana spoku, uzi na muda wa kukosea. Taifa linalotaka wahandisi halina budi kuanza kuwalea darasani.