Kabla ya Kumnyoshea Mtoto Kidole



Juma lililopita wazee watatu walinijia na habari ya redioni: eti wataalamu wa Ulaya wamegundua kuwa watoto wenye usonji ndio watakaogeuza jinsia. Walitaka niikemee hatari hiyo mimbarini. Ninaikemea habari yenyewe, kwa kuwa imepinduliwa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wa mwaka 2020, uliohusu watu wazima zaidi ya 600,000, ulionyesha kwamba usonji hupatikana mara 3 hadi 6 zaidi kwa wale wasiojitambulisha kwa jinsia waliyozaliwa nayo kuliko kwa wengine. Haukusema usonji huzaa hali hiyo. Wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika karibu wote ni wanaume. Nani hapa Makere atadai kila mwanamume ni mvuvi?

Aprili 2024, huko Uingereza, Daktari Hilary Cass alipendekeza kila mtoto anayefika kwenye kliniki za jinsia apimwe pia usonji. Ni busara: mtoto aangaliwe mzima. (Mafundisho ya Kanisa kuhusu kubadili jinsia yalitolewa upya mwezi huohuo katika Dignitas Infinita; siyarudii hapa.)

Lakini sisi tumempima nani? Kwa ruhusa ya mama yake, naandika habari za binti aliyekataa sketi ya shule. Alichapwa, akaitwa jikedume. Mama alipomuuliza taratibu, alijibu kwamba mshono wa kiunoni unamwasha kama upupu. Ngoma zikianza kanisani, huziba masikio na kukimbilia nje. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sisemi kila swali la jinsia ni swali la kitambaa. Yupo atakayelisema kwa dhati ya moyo wake, naye asikilizwe, asiambiwe kwamba usonji umemnyang'anya akili. Ninachokataa ni sisi, tunaowafungia watoto hawa vyumba vya uani na kuwakemea mapepo badala ya kuwafikisha kwa daktari, kujifanya leo walinzi wao dhidi ya Ulaya.

Binti yule na mama yake sasa hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Jumapili, mmoja wa wazee wale watatu aliwakuta hapo, akahamia benchi jingine.