Mapenzi Hayapimwi kwa Zulia

Ipo hoja inayochapishwa tena na tena: kwamba Waislamu wa pwani, wakiwemo wa Mbwajumali kisiwani Pate, hawapendi wanyama kwa kuwa hawalali na mbwa nyumbani. Hoja hiyo ni batili.

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo ni kanuni ya twahara. Haimruhusu mtu kumpiga mbwa jiwe. Qurani yenyewe, Sura ya al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na hadithi katika Bukhari na Muslim inamtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Sayansi nayo haisemi kuwa mapenzi yanahitaji mbwa alale kwenye zulia la nyumbani. Mwaka 2015, watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo. Mbwa, aliyefugwa na watu kwa vizazi vingi, hujenga uhusiano huo kwa mazoea, kazi ya pamoja na uangalizi.

Lamu inayajua hayo kupitia punda, ambao tangu 1987 wana kliniki yao mjini.

Mbwa wanastahili uangalizi kama huo. Kenya inalenga kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hilo linahitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa asiyemzoea binadamu hashikiki kwa urahisi ili adungwe sindano.