Kitako kimfuate mtu, sio mtu akifuate kitako

Najua nimepotea, msinilaumu. Nilikuwa field, nikarudi nikakutana na asaimenti tatu za kwenda sambamba, na boom nalo ndio hivyo linasuasua. Leo nimepata upenyo, nikaona niseme jambo ambalo hamkulitegemea kutoka kwa mwalimu mtarajiwa: kitako cha bunduki. Ndio, bunduki. Msikimbie jamani, nisomeni mpaka mwisho.

Iko hivi. Nina binamu yangu anaishi Texas, Marekani. Kule raia kumiliki bunduki ni jambo la kawaida, na yeye na mkewe huwa wanakwenda uwanja wa shabaha Jumamosi. Wanatumia bunduki moja, aina ya AR-15 fupi, ile ambayo wenyewe wanaiita kabaini, mtutu wake inchi 16. Juzi usiku kanitumia picha za vitako vitatu: "Mdogo wangu, chagua kimoja, nataka kubadilisha hiki cha zamani." Nikamuuliza, kaka, kwani hicho ulichonacho kina tatizo gani? Akasema hakina tatizo, kimepitwa na wakati tu. Ila wifi yako siku hizi hataki kuja, anasema shabaha haiwezi.

Hapo ndipo niliposimama. Wifi yangu ni mfupi, ananizidi kidogo tu, na mnanijua mie nilivyo, teh teh. Bunduki yao ina kitako kisichorefuka wala kufupika, cha mtindo wa M16A2. Kile kitako kilipotoka miaka ya 1980 kilikuwa kirefu kuliko cha M16A1 kwa inchi 5/8, karibu sentimita 1.6. Mtaona ni kidogo. Lakini mtu mfupi akiweka kitako kirefu begani, mikono inanyooka, mwili unarudi nyuma kama anayebeba ndoo ya maji kifuani, na kitako kinatelezea kwenye kiungo cha mkono badala ya kukaa begani. Anachoka haraka, na risasi zinakwenda zinakotaka. Halafu anasema hawezi.

Mie hili nalijua kwa upande wa pili. Baada ya form six nilikwenda mafunzo ya mujibu wa sheria, na kule tulishika SMG, hii ambayo dunia inaiita AK. Kitako chake cha mbao kinajulikana kwa ufupi. Siku ya shabaha nilifanya vizuri, nikavimba kichwa wiki nzima. Kitandani juu yangu alikuwa analala dada mmoja mrefu kweli kweli, mikono mirefu, mwenye bidii kuliko sisi wote. Yeye alijikunja kwenye ile bunduki kama mtu mzima kwenye baiskeli ya mtoto, kidole gumba kikawa kinagonga pua. Hakupata kitu. Sisi wenzake ndio tuliomcheka na kumpachika jina. Aliondoka kambini akiamini ana mikono mibovu. Leo najua kwamba mie sikuwa fundi, bunduki tu ilinikaa. Na yeye hakuwa mzembe, haikumkaa. Sijawahi kumwambia hivyo, na linaniuma.

Kwa hiyo kaka nikamwambia wazi: katika picha zako tatu hakuna hata moja niliyoangalia uzuri. Kitako cha kurefusha na kufupisha kina kazi moja, kumfuata mtu. Kile cha M4, kwa mfano, kinaibadilisha bunduki kutoka inchi 29.75 hadi inchi 33, yaani sentimita 8 hivi. Hizo sentimita 8 ndizo zinazotosha mume na mke watumie bunduki moja bila mmoja wao kuteseka.

Wala hili sio jambo jipya. Bunduki za Waingereza za Lee-Enfield, ambazo hata askari wa KAR kutoka huku kwetu walizibeba, zilikuwa na vitako vya mbao vya saizi tofauti: kirefu, cha kawaida, kifupi, na kingine kifupi zaidi kilichoitwa bantam. Mwanajeshi alipewa kinachomtosha. Na Marines wa Marekani mwaka 2015 waliamua askari wao wa miguu waachane na M16A4 yenye kitako kisichobadilika, wachukue M4.

Sasa wapo watakaosema kitako kisichobadilika ni imara zaidi, hakichezi, hakina kitu cha kuharibika. Kweli kabisa, sibishi. Kama bunduki ni ya mtu mmoja na inamkaa, aiache ilivyo. Wengine watasema kufupisha bunduki ni kuifanya ifichike. Ndio maana sheria ya Marekani ya mwaka 1994, iliyokwisha muda wake 2004, ilikitaja kitako cha namna hii miongoni mwa alama za silaha zilizokatazwa, na yapo majimbo kama California na New York ambayo mpaka leo yanakibana. Sheria ya unapoishi ndio ya kwanza kusoma, kabla ya bei. Lakini kwa maoni yangu, kumpa mtu mfupi nafasi ya kushika bunduki vizuri ni usalama. Anayeshindwa kuishika ndiye anayenitisha mimi.

Haya, ushauri niliompa ni huu. Kwanza, asidhani atanunua kitako peke yake. Kile cha A2 kinakaa kwenye bomba refu la nyuma, kwa hiyo akihamia cha kurefuka lazima abadilishe bomba, springi na kile kizito kinachokwenda na kurudi ndani. Pili, mabomba yako ya unene wa aina mbili: la kijeshi inchi 1.148 na la kibiashara inchi 1.168. Kitako cha moja hakikai sawasawa kwenye jingine, ama kitacheza ama hakitaingia. Tatu, fundi mwenye ujuzi ndiye afunge. Nne, kiwe na kufuli lisilolegea, mpira nyuma usioteleza begani, na mahali pa shavu pasipokwaruza.

Tano, na hili ndilo kubwa: achague wifi. Wahakikishe bunduki haina risasi, imeelekezwa pasipo na mtu, afumbe macho, aiweke begani, afumbue. Kama jicho limekutana na kilengeo bila kunyoosha shingo, kinamfaa. Kama sivyo, asogeze tundu moja, ajaribu tena.

Kaka kanijibu, "Mwalimu umeanza kufundisha." Nikamwambia ndio, maana field nimefanya kosa lile lile. Kulikuwa na mtoto wa form one, mdogo, meza inamfika kifuani, anaandika viwiko vikiwa juu. Kwenye daftari lake nikaandika kwa wino mwekundu: mwandiko mbaya. Sikuitazama meza hata mara moja.

Sasa wadau, kabla hujamwambia mtu hawezi, angalia kwanza ulichomshikisha. Na yule dada wa kambini, kama unasoma hapa, samahani sana. Mikono yako haina kasoro.

Nawasilisha.