Unasihi kwa Njia ya Simu: Umbali Umepungua, Amana Imebaki

Ndugu msomaji, atokaye Dodoma kuelekea Singida hupita Manyoni, kisha hufika Mkiwa, wilayani Ikungi, panapochepuka barabara ya Itigi na Rungwa iendayo Chunya hadi Mbeya. Kwa sikio la Mswahili, jina la kijiji hicho humkumbusha mtu aliyebaki pweke na huzuni yake. Makala haya yanamhusu mtu huyo, popote alipo.

Mama aliyekosa usingizi kwa miezi, au kijana aliyejifungia chumbani na kukataa chakula, aende wapi? Hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi ni Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927 mjini Dodoma. Nauli ni kikwazo, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni macho ya watu. Jina la hospitali hiyo limegeuzwa kuwa tusi vijiweni, hivyo familia huficha mgonjwa au humzungusha kwa waganga mpaka maradhi yakomae.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila huzuni ni upungufu wa imani. Hao wamesahau habari ya Nabii Yaaqub (a.s.) katika Surat Yusuf, ambaye macho yake yaliingia weupe kwa majonzi ya kumpoteza mwanawe, naye ni Mtume wa Allah. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akieleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Basi dua na tiba ni ndugu, wala hazigombani.

Hapa ndipo simu inapoingia. Tangu maradhi ya Korona mwaka 2020, unasihi kwa simu na kwa mtandao umeenea sana duniani. Hapa Tanzania, huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, imekuwepo tangu mwaka 2013. Faida ni dhahiri: safari inapungua, na jirani haoni nani ameingia mlango gani. Mume aliye dereva wa lori au mchimba dhahabu huko Chunya anaweza kuzungumza na mkewe aliye Mkiwa mbele ya mnasihi mmoja, bila yeyote kuacha kazi yake.

Hata hivyo, umbali ukiondoka, suala la amana hubaki palepale. Familia haina budi kujiuliza mambo matatu.

Kwanza, huyu ni nani? Yeyote mwenye simu anaweza kujiita mshauri. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Kwetu, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Muulize mnasihi amesomea wapi, amesajiliwa na nani, na anafanya kazi chini ya taasisi gani. Mkweli hachukii kuulizwa. Anayekasirika, au anayedai fedha kabla ya kujitambulisha, mwepuke.

Pili, siri italindwaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria hailindi simu moja inayotumiwa na nyumba nzima. Mke atasemaje yaliyo moyoni ikiwa ujumbe wake utasomwa jioni na yuleyule anayemliza? Mume anayemtakia mema mkewe ampe simu, muda na faragha, wala asipekue. Na mama anayeona haya kuzungumza na mwanamume aombe mnasihi mwanamke. Asiyepatikana kijijini huenda akapatikana kwa simu.

Tatu, mipaka yake ni ipi? Mtu anayetaka kujidhuru, anayepigwa, au asiyejitambua hahitaji miadi ya simu; apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Kadhalika, mnasihi si kadhi wala msuluhishi. Surat An-Nisaa, aya ya 35, imeelekeza wasuluhishi wawili kutoka pande zote mbili za ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida hutaka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Kazi ya mnasihi ni kumsaidia mtu aujue moyo wake. Uamuzi ni wa wenyewe.

Ndugu Waislamu, wazee wetu wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Maimamu na wazazi watangulie kuondoa aibu hii, kwani mgonjwa anayechekwa nyumbani hatathubutu kumpigia mtu yeyote, hata simu ikiwa mkononi mwake.

Wabillahi tawfiq.