Ndege ile ile, ubovu ule ule



Leo sina pishi wala mshono wa baibui. Nina jambo limenikaa kifuani tangu tumzike bimkubwa.

Bimkubwa alitutoka hapa Unguja baada ya Isha. Dada yangu ameolewa Moshi, anakaa Pasua. Shemeji alimwambia apande basi usiku ule ule, asubuhi awe Dar, achukue boti, adhuhuri awe kwetu. Dada akasema basi la nini, na ndege ipo saa mbili asubuhi kutoka KIA? Akalipia kwa simu. Nasi tukapanga maziko yawe baada ya Adhuhuri, tumngojee mtoto mkubwa wa marehemu.

Saa mbili ikapita. Saa nne nayo. Wanaambiwa "hitilafu ya kiufundi", subirini. Tukasogeza maziko hadi Alasiri, na wazee walishaanza kununa kwa kucheleweshwa maiti, nao wana haki. Saa saba mchana safari ikafutwa. Kijana mmoja wa kaunta alimwonea huruma akamnong'oneza: mama, ndege hii hata juzi ilikwama kwa kitu hiki hiki, na wiki iliyopita pia.

Tukamzika bimkubwa bila ya dada.

Shirika silitaji. Wala sitaki mafundi waharakishwe, hasha. Ndege ikigoma ikiwa chini ni rehema, ilale hata mwezi. Ninachokataa ni kuuziwa kiti usiku na mtu anayejua kuwa ndege hiyo imegoma mara mbili, akanyamaza.

Kwenye biashara dini yetu ilishamaliza. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake humwambia mnunuzi, na akiificha, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Madrasa tulifundishwa kwa mfano wa nafaka iliyolowa chini ya rundo. Tiketi nayo ni bidhaa. Dada alirudishiwa fedha zake, ndiyo, lakini yeye alinunua kumwona mama yake kabla ya udongo.

Na kusema kunawezekana. Novemba 2022 ATCL (na safari ya dada haihusiani nao) walitangaza hadharani kuwa ratiba zitavurugika kwa sababu ya matatizo ya injini za Airbus A220-300. Injini hizo za Pratt & Whitney ziliwasumbua hata Swiss na airBaltic, wakaegesha ndege. Watu walilalamika, na walikuwa na sababu, lakini angalau aliyekuwa na harusi au mgonjwa alijua apange vipi.

Wenzetu Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 2004 inampa abiria aliyefutiwa safari ghafla fidia ya kuanzia euro 250 hadi 600, na mwaka 2008 mahakama yao kuu ya Umoja iliamua kuwa ubovu wa ndege, kwa kawaida, si udhuru wa kukwepa kulipa. Matengenezo ni kazi ya shirika, si mvua ya masika.

Mimi hata fidia siidai. Ujumbe mmoja tu wa simu kabla ya kulipa: ndege hii ina hitilafu inayojirudia, mafundi wanaishughulikia, mwenye dharura atazame njia nyingine. Najua watasema watapoteza wateja. Watapoteza baadhi. Dada angekuwa mmoja wao, angepanda basi saa nne usiku na angewahi jeneza.

Sisi abiria ndio tunaoambiwa tusubiri na tushukuru, hasa sisi wanawake, eti tuna subira. Subira ni kwa kudra ya Mungu. Kwa jambo ambalo mtu alilijua tangu juzi, mimi nauliza.

Dada amefika siku ya tatu, akaenda moja kwa moja makaburini na mabegi yake. Arubaini inakaribia. Ameshakata tiketi, ya basi.